Muruku: tulishika muti, tukaacha masharti yake

Ndugu walimaji, wamama na wababa memba wa kooperative, leo siandiki juu ya mbegu wala bei ya soko. Naandika juu ya muti moja ambao wengi wenu muko nao pembeni ya shamba, na wengine hata nyuma ya jikoni. Ni kijiti cha mita mbili ao tatu. Majani yake yanapangwa mbili mbili na yako na manyoya laini. Maua yake ni meupe ao ya rangi ya zambarau, na maganda ya mbegu yake yanafanana na maganda ya maharagi, lakini yenye manyoya. Vitabu vinauita Tephrosia vogelii. Tanzania wanauita utupa. Wenye kusema Kinyarwanda, hata huku Rutshuru na Masisi, wanauita umuruku. Kila luga ya milima yetu iko na jina yake, lakini hapa nitaandika muruku, juu wengi watanielewa.

Muti huu unafanya kazi tatu katika vijiji vyetu. Mu shamba unarudisha nguvu ya udongo na kuua vidudu. Mutoni unaua samaki. Nyumbani unafanywa dawa ya upele, ya chawa, ya minyoo, hata ya kutosha mimba. Kazi zote tatu zinatoka ku kitu moja tu: sumu iliyo ndani ya majani. Hapo njo maneno yangu ya leo yanaanzia. Kuna watu wanaosema tuukate wote, juu ni sumu. Kuna wengine wanaosema ni dawa ya asili, haina hatari. Mimi nakataa vyote viwili. Wazee wetu waliushika muti huu pamoja na masharti yake. Sisi tulishika muti, tukaacha masharti. Inafaa kooperative iyarudishe, na mahali pengine iyaongeze.

Kazi yake ya shamba ni ya kweli

Nianze na sifa, juu muti huu uko nazo. Muruku ni wa jamaa ya maharagi na soya. Mizizi yake inafanya vifundo, na ndani ya vifundo kuna vidudu vidogo sana vinavyokamata azoti ya hewa na kuifanya chakula cha mimea. Ukiuacha mu shamba lililochoka kwa mwaka moja ao miwili, kisha ukaukata na kulaza majani chini, mahindi yatakayofuata yatakuambia yenyewe kama ulifanya vizuri. Mbuzi hawaupendi, basi hauhitaji kuulinda. Walimaji wengi wanaupanda pia ili kufukuza fuko mu muhogo na mu viazi.

Tena majani yake yanaua vidudu. Watafiti walioyajaribu juu ya maharagi katika mashamba ya Tanzania na Malawi walikuta kwamba maji ya majani ya muruku yanapunguza vidudu karibu sawa na dawa ya viwanda, na kwamba vidudu vyema, vile vinavyokula vidudu vibaya, vinateseka kidogo kuliko kwa dawa ya viwanda. Kwa mulimaji asiye na franga ya pompi na ya bidoni ya dawa, hiyo haiko habari ndogo. Kwenye masoko yetu dawa ya vidudu inauzishwa mu vichupa bila etiketi. Mutu hajui jina yake, hajui kipimo, hajui ilitengenezwa mwaka gani. Kati ya kichupa kile na muti unaoujua tangu ulipoupanda, mimi mwenyewe nachagua muti.

Lakini kuchagua muti si kusema kwamba hauna hatari. Sumu haiulizi kama ilitoka kiwandani ao ilitoka mu shamba la bibi yako.

Sumu hii inaua namna gani

Ndani ya majani ya muruku kuna vitu vinavyoitwa rotenoni na degelini, na ndugu zao. Mwili wa kila kiumbe umejengwa na chembe ndogondogo, na ndani ya kila chembe kuna majiko madogo sana yanayochoma chakula kwa hewa tunayovuta, ili tupate nguvu. Rotenoni inazima majiko hayo. Hewa iko, damu inaipeleka, lakini chembe haiwezi kuitumikisha. Kwa hiyo mutu aliyekunywa sumu hii nyingi anatapika, tumbo linamukaza, anatetemeka, anapumua mbio kisha polepole, anaweza kushikwa na degedege na kupoteza fahamu. Vifo vya watu vimeandikwa.

Hapa muzee moja ataniuliza: «Agronomu, sisi tulivua samaki na muruku tangu utoto. Tulikula samaki ile, hatukufa. Unatudanganya?» Hapana, muzee, unasema kweli, na swali lako ni zuri. Samaki anapumua kwa mashavu, na mashavu yake yanaingiza sumu mara moja mpaka mu damu. Kiasi kidogo sana ndani ya maji kinatosha kumuua. Mutu anapokula samaki yule, sumu iliyobaki mu nyama ni kidogo, na moto wa jikoni unaipunguza tena. Tena tumbo la mutu linaingiza rotenoni polepole, na mara mingi mutu anatapika mbele haijaingia yote. Basi samaki aliyevuliwa na muruku hakukuua. Lakini hiyo haisemi kwamba kopo la maji ya majani halitakuua. Ni vipimo viwili tofauti kabisa. Mutu anayejenga dawa ya kunywa juu ya ushuhuda wa samaki anajenga juu ya muchanga.

Kuna neno lingine ninataka kila mama alishike. Sumu hii haipendi maji, inapenda mafuta. Pamoja na mafuta inaingia mwilini kwa nguvu zaidi. Kwetu, mutu akikunywa sumu, jirani wa kwanza kufika analeta mafuta ya mawese ao maziwa. Kwa muruku hiyo ni kumusukuma mutu shimoni. Usimupe mafuta, usimupe maziwa, usimulazimishe kutapika. Mupeleke ku kituo cha afya mbio, na ubebe tawi la muti ao unga uliobaki, ili munganga ajue anapigana na nini.

Dawa ya nje na dawa ya ndani

Mimi siko munganga. Nilisomea kilimo. Lakini muti ninaokuta mu shamba muchana unaingia mu chungu cha dawa mangaribi, na siwezi kujifanya sawa vile sikuona.

Matumizi ya kienyeji ya muruku ni mengi, na inafaa tuyagawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la nje: kuosha upele, kuua chawa, kupakaa ngombe ao mbuzi juu ya kupe. Fungu hili liko na maana. Upele unaletwa na kidudu kidogo kinachochimba ngozi. Chawa ni kidudu, kupe anakaribiana nao. Sumu inayoua vidudu inaua hivyo pia. Hata dawa za wazungu za zamani za upele na chawa, zingine zilikuwa na rotenoni ndani. Wazee hawakuota bure.

Lakini hata hapa kuna masharti. Ngozi yenye vidonda si ukuta, ni mulango. Mutoto aliyejikuna mpaka damu, ukimupakaa unga wa muruku uliochanganywa na mafuta ya mawese, umemufungulia sumu mulango na umeipa njia. Na upele hauponi kwa kutibu mutoto moja: kama watu wote wa nyumba hawatibiwi siku moja, na nguo na blanketi hazifuliwi, utarudi juma linalofuata, na utaongeza muruku tena, na tena. Kwa upele kuna dawa ya benzoati ya kupakaa. Ukiipata ku kituo cha afya, chukua ile, ya watu wote wa nyumba.

Fungu la pili ni la ndani: maji ya majani ya minyoo, muzizi wa kutafuna juu ya jino ao wa kufungua choo, majani ya kutapisha, na ile inayosemwa kwa sauti ndogo, ya kutosha mimba. Kwa fungu hili ninasema bila kuzunguka: liachwe. Sisemi vile juu ninazarau waganga wa kienyeji. Ninasema vile juu hakuna mutu, hata muganga mwenye akili sana, anayeweza kujua kiasi cha sumu kilicho ndani ya kopo lile. Nitaeleza sababu chini kidogo. Mutoto wa kilo 10 na mutu mukubwa wa kilo 60 hawawezi kupewa kopo moja. Na msichana anayepewa maji haya ili atoshe mimba, sumu inapita mu damu yake yeye mbele ya kufika ku mimba. Hakuna njia ingine ya kupita. Anayemupa kopo lile gizani anamuacha peke yake na hatari yote, na mara mingi hata mama yake hajui. Tukinyamaza juu ya haya, ni haya yetu sisi watu wakubwa inayomuua.

Miti miwili inayofanana

Sasa nifike ku neno ambalo walimaji wengi hawajalisikia, na linalobadilisha mambo yote, ya shamba na ya dawa.

Malawi, mbegu ya muruku iligawiwa kwa walimaji wengi sana, kama vile ilivyogawiwa huku kwetu. Wengine walifurahi, wengine walilalamika kwamba majani hayaui kitu. Watafiti wakachukua majani ya miti ya walimaji, wakayapima, na 2012 wakatangaza walichokuta. Muruku uko wa aina mbili. Aina ya kwanza iko na rotenoni na ndugu zake, na inaua vidudu. Aina ya pili haina vile vitu. Iko na vitu vingine, na vidudu vinaikalia bila wasiwasi. Miti ya aina zote mbili inafanana: majani, urefu, maganda. Kwa macho hauwezi kuitenganisha, na kusema «wenye maua meupe njo mukali» ao «wa zambarau njo mukali» si kipimo cha kuaminia. Aina ya pili inafaa kwa mbolea ya udongo. Kwa kuua vidudu, ni kupoteza jasho.

Fikirini hiyo inasema nini juu ya dawa ya kunywa. Muganga anajua muti wake moja, labda ulipandwa na babu yake. Anajua majani yake mangapi yanafanya nini. Siku moja anahama, ao muti unakauka, anachuma majani mangapi yale yale ku muti wa jirani. Kama ule wa babu ulikuwa wa aina dhaifu na wa jirani ni wa aina kali, kipimo kile kile kilichofungua choo jana, leo kinazima majiko. Kipimo hakikuwa cha jina «muruku». Kilikuwa cha muti ule moja, nyuma ya nyumba ile moja.

Nazani wazee waliona hilo bila kipimo cha maabara. Ukikaa nao utasikia masharti yanayofanana, hata kama luga ni tofauti. Chuma ku muti unaoujua. Usiupande mahali watoto wanachezea. Chungu cha muruku hakirudi jikoni. Mama mwenye mimba haugusi. Na mutoni hauwekwi siku yoyote: ni wakati wa jua kali, mu kidimbwi kilichobaki, siku shefu aliyoitaja, si mu muto muzima, na si kila juma. Kila sharti lilikuwa kipimo, hata kama halikuandikwa kwa gramu.

Nini kilivunja masharti haya? Sehemu kubwa ni vita na kuhamahama. Mutu mwenye kujua alikimbia, muti ulibaki. Ao muti ulipandwa tena mahali pengine na mutu asiyejua. Leo unga wa majani unauzishwa sokoni mu vishashe, na mwenye kuuza hajui ulitoka mulima gani. Sehemu ingine inatoka ku wale walioleta mbegu na kusema tu «ni dawa biolojiki», bila kusema ni sumu. Neno biolojiki likasikiwa sawa vile «inalika».

Asili si usalama

Inafaa tujue pia kwamba nchi ambazo zilitumikisha rotenoni sana zimerudi nyuma. Kwa miaka mingi iliuzishwa Ulaya na Marekani kwa bustani, na watu wa kilimo cha asili waliipenda juu inatoka ku mimea. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliopewa rotenoni kidogokidogo kwa muda murefu walianza kutetemeka na kukakamaa, sawa na watu wenye ugonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka wa wazee. Mwaka 2011 utafiti mwingine, kati ya watu waliokuwa wanatumikisha dawa za shamba huko Marekani, ulikuta kwamba walioshika rotenoni walikuwa na ugonjwa huo karibu mara mbili na nusu kuliko wasioishika. Umoja wa Ulaya uliitosha ku orodha ya dawa za shamba mwaka 2008. Leo Marekani wanaitumikisha zaidi mu maziwa, kuua samaki wasiotakiwa, na kazi hiyo inafanywa na watu waliofundishwa, wenye ruhusa ya serikali.

Siandiki haya ili kuwatia woga. Unga wa rotenoni wa viwanda ni mukali kuliko majani yako, na rotenoni inavunjika kwa jua kwa siku chache, basi haibaki mu udongo miaka. Lakini mutu anayetwanga majani makavu kila juma, bila kitambaa ku pua, akivuta vumbi lile, anajipa kidogokidogo. Vumbi ku mapafu ni baya kuliko kitu kilichomezwa. Mara mingi anayetwanga ni mama, na mutoto yuko mugongoni.

Ninachoomba kooperative zifanye

Ya kwanza: tujue miti yetu. Kila kooperative ichague miti michache, iijaribu, na ichukue mbegu ku ile yenye nguvu tu. Kujaribu hakuhitaji maabara. Twanga majani makavu ya muti moja. Chukua vichupa vinne vya kioo, weka ndani ya kila kimoja maharagi kiasi kile kile na vidudu 20 vya maharagi vilivyo hai. Mu vichupa viwili changanya kijiko cha unga, viwili vingine uviache bila kitu. Funika na kitambaa, weka chumba kimoja. Kisha siku 5 hesabu vilivyokufa. Kama mu vichupa vya unga karibu vyote vimekufa na mu vile vingine viko hai, muti ule ni mukali. Funga kamba nyekundu juu yake na andika mahali uko. Kama hakuna tofauti, uuache kwa mbolea, na mbegu yake usigawie mutu kwa kazi ya dawa ya vidudu.

Ya pili: tuitumikishe sawasawa. Kipimo kilichojaribiwa juu ya maharagi ni gramu 100 za majani makavu yaliyotwangwa kwa litri moja ya maji. Basi kilo moja kwa litri 10. Tia sabuni kidogo, gramu 10 kwa litri 10, juu sumu hii haitoki vizuri ndani ya maji matupu, sabuni njo inaitosha ku majani. Acha usiku na muchana, chuja na kitambaa, nyunyiza mangaribi, juu jua linaivunja. Tumia majani, si shina. Anayetwanga ao kunyunyiza afunge kitambaa ku pua na mudomo, atwangie inje, mahali upepo unapeleka vumbi mbali, na mutoto asiwe karibu. Usinyunyize sombe ao lengalenga unayotaka kuchuma kesho. Ninashauri kungoja juma moja, kisha kuosha vizuri.

Ya tatu: unga wa muruku ubaki ku mbegu, usiende ku chakula. Maharagi ya kupanda, changanya, hakuna neno, lakini andika juu ya mufuko kwamba hayaliki. Maharagi ya kula yawekwe mu bidoni kavu iliyojaa mpaka juu na kufungwa vizuri, ao mu mifuko ya kufunga hewa. Vidudu vinakosa hewa, vinakufa, na mwanamuke anayepika hana cha kuosha. Kumbukeni kwamba mu giza la stoki sumu hii haikutani na jua la kuivunja.

Ya ine: muti na vyombo vipate mahali pao. Bidoni, chungu na muchi wa muruku vipakwe rangi nyekundu na visirudi nyumbani kamwe. Usipande muruku juu ya bwawa la samaki ao pembeni ya chemchem. Mimi naomba hatua 50 hivi, na usioshe pompi mutoni. Wenye nguruwe wajue kwamba nguruwe inasumbuliwa na sumu hii kuliko nyama zingine nyingi. Wenye simbiliki wawakataze watoto kuchanganya matawi haya mu majani ya chakula chao.

Ya tano: muto. Hapa kooperative za walimaji na za wavuvi zinapashwa kusikilizana. Kuvua na sumu kunakatazwa na sheria ya inchi, lakini tusingoje polisi. Mutu anayetia kapu la muruku mu kijito anabeba samaki kumi wakubwa na anaacha nyuma yake watoto wa samaki elfu waliokufa, na vidudu vya maji ambavyo wangekula. Chini yake kuna bwawa la mwenzake aliyenunua vifaranga vya tilapia na franga ya mukopo. Wazee waliovua mu kidimbwi cha jua, mara moja kwa mwaka, chini ya jicho la shefu, waliacha muto upumue. Leo watu ni wengi, vijito ni vidogo, na hakuna anayehesabu siku. Ninaona hapa sharti la zamani halitoshi tena. Liwe katazo kabisa, na liandikwe mu kanuni ya kooperative pamoja na faini yake.

Ya sita, na kwangu njo kubwa: kooperative iite kikao kimoja, waganga wa kienyeji wakae upande moja, munganga wa kituo cha afya upande mwingine, na wamama katikati. Si kikao cha kushitaki mutu. Ukimwita muganga ili umuhukumu, atakubali kwa mudomo na kuendelea gizani. Umwite umuulize: masharti ya muti huu ulifundishwa ni gani? Kisha munganga aseme anachoona mutu akifika na sumu hii, na aseme benzoati inapatikana wapi na kwa bei gani, na dawa ya minyoo pia. Mara mingi mutu hakuchagua muruku juu anaupenda. Aliuchagua juu muti ni bure na kituo ni mbali. Kama kooperative inaweza kukopesha memba mbegu, inaweza pia kununua katoni ya dawa ya upele na kuikopesha kwa bei ya kununulia. Hiyo haitamaliza shida yote, lakini kila nyumba iliyopata dawa ile ni nyumba moja isiyopika muruku.

Najua wamoja watasema agronomu ametoka mu shamba na kuingia mu mambo ya watu. Lakini shamba la muruku halina ukuta kati yake na nyumba. Mbegu tuliyogawia kwa ajili ya udongo njo ile ile inayochemshwa kwa ajili ya tumbo. Anayegawia mbegu anapashwa kugawia na masharti yake, siku ile ile, kwa mukono ule ule.

Basi mukutano mukubwa unaokuja, naomba kila kooperative iweke muruku ku orodha ya maneno ya kuzungumza, mbele ya kugawia mbegu ya musimu. Mutu moja achaguliwe wa kujaribu miti, mwingine wa kushika vyombo vyekundu, na shefu wa kijiji aalikwe juu ya neno la muto. Na mbele ya mukutano ule, leo ukirudi nyumbani, angalia kama kuna kopo ao chupa ya maji ya majani haya imewekwa juu ya kabati bila alama. Kama iko, imwage mbali na maji, chimba shimo, ufunike. Na mulango wa jirani usisahau: umwambie lile neno la mafuta na maziwa.